Pai Haikuzaliwa 22 Juu ya 7

Mwulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili pai ni nini, naye atakujibu hata kabla hujalimaliza swali: ishirini na mbili juu ya saba. Mwulize tena kwa nini ishirini na mbili, wala si ishirini na tatu, naye atakutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini Jumatatu huifuata Jumapili. Ndivyo alivyofundishwa. Yamkini ndivyo alivyofundishwa mwalimu wake pia, na mwalimu wa mwalimu wake, hata tarakimu hizo tatu zimekuwa mithili ya hirizi: huvaliwa shingoni, hazifunguliwi zikasomwa.

Jibu hilo humpatia mtahiniwa alama, kwa kuwa aghalabu karatasi ya mtihani yenyewe humwagiza atumie 22/7. Lakini si kweli. Pai si 22 juu ya 7; haikupata kuwa, wala haitakuwa. Hiyo ni jirani yake tu, na jirani si mwenye nyumba. Ninalotaka kuwaambia walimu na wanafunzi leo ni kwamba thamani ya pai ni jambo ambalo mtoto wa shule anaweza kulitafuta na kulipata kwa mikono yake mwenyewe, kwa kamba, kigingi na subira. Na kwamba katika nchi hii sioni mahali ambapo ujuzi huo unahitajika zaidi kuliko kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki.

Tuanze na maji, maana huko mambo mengi huanza na maji. Baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha. Visima na mabwawa yakikauka, maji huletwa kwa malori, na malori hayo hubeba matangi ya mviringo ambayo mnunuzi huambiwa tu kwamba ni ya lita kadha wa kadha. Nani huyapima? Tuseme tangi limelala kama gogo, urefu wake mita 4 na kipenyo chake mita 1.8. Nusu ya kipenyo ni mita 0.9, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa pai, kisha kwa urefu, nawe utapata mita za ujazo 10.18, yaani lita 10,180 hivi. Sasa tuseme kipenyo hasa ni mita 1.7, tofauti isiyozidi upana wa kiganja cha mkono. Lita zitashuka hadi 9,080. Zimepotea lita 1,100, ndiyo mitungi 55 ya lita ishirini ishirini, na kwa macho matupu hakuna atakayetambua. Sisemi kwamba wenye malori ni walaghai. Nasema kwamba pasipo mtu wa kupiga hesabu hiyo, mwaminifu na mlaghai hawatofautiki.

Na pai yenyewe je? Chukua tangi la shule lililosimama, kipenyo mita 2 na kimo mita 2. Ujazo wake ni lita 6,283. Anayedhani pai ni 3 kamili, kama walivyodhani wengi wa kale, atapata lita 6,000, na mitungi 14 itakuwa imeyeyuka katika daftari lake. Anayetumia 22/7 atapata lita 6,286 hivi. Amezidisha kwa lita mbili na nusu. Kwa kazi ya tangi, basi, 22/7 yatosha sana, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na yule anayeitumia asijue kwamba imezidi, wala imezidi kwa kiasi gani.

Maana ziko kazi ambazo haitoshi. Mstari wa ikweta, lile duara kubwa kupita yote uwezayo kuyachora juu ya uso wa dunia, unapita ndani ya Kaunti ya Garissa, kaskazini kidogo ya mji wenyewe. Mchunga ngamia huuvuka na kuurudia bila habari. Kipenyo cha dunia kwenye ikweta ni kilomita 12,756, na mzingo wake ni kilomita 40,075. Atakayeutafuta mzingo huo kwa 22/7 ataurefusha kwa kilomita 16, safari ya nusu siku kwa mtu wa miguu. Kosa ni lile lile dogo la tangi. Dunia ndiyo iliyokuwa kubwa.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya lugha. Mtoto wa Balambala au wa Habaswein huianza shule akiwa na Kisomali chake, akakutana na Kiswahili, kisha akaelezwa Hisabati kwa Kiingereza. Pai humfikia kama mgeni aliyeletwa na mgeni. Hapo ndipo mwalimu hodari angefaidika na Kiswahili, kwa kuwa istilahi zetu zimebeba maelezo yake mgongoni. Kipenyo ni kile kinachopenya, kutoka ukingo hadi ukingo kupitia kitovuni. Mzingo ni kile kinachozinga, kwenda pande zote na kurudi kilikoanzia. Maneno duara, hisabati na sifuri tuliyapata kwa Waarabu, na Msomali naye huiita hesabu xisaab, kutoka chimbuko lilo hilo. Hivyo pai inageuka kuwa jibu la swali moja ambalo hata mtoto wa darasa la nne ataling'amua: kile kinachozinga ni mara ngapi ya kile kinachopenya?

Swali hilo halihitaji maabara. Pipa la lita 200 laweza kupatikana Garissa, Dadaab, El Wak na kila mahali ambapo maji huhifadhiwa. Lizungushie kamba, ukate pale ncha zinapokutana, uilaze kamba chini. Chukua kamba ya pili uikate kwa kipimo cha kipenyo. Kamba fupi itaingia katika kamba ndefu mara tatu, na kitabaki kipande. Kipande hicho ndicho chanzo cha taabu yote ya miaka elfu nne. Kikate, ukilaze juu ya ile kamba ya kipenyo, uone kinaingia mara ngapi. Kitaingia mara saba, na kwa pipa lenye kipenyo cha sentimita 57 zitabaki kama nusu sentimita hivi. Mara tatu na sehemu moja ya saba: hapo mwanafunzi ameiona 22/7 ikizaliwa mbele ya macho yake, na akiwa mwangalifu ataiona pia ile nusu sentimita inayoshuhudia kwamba saba si sawasawa.

Kisha apime kikombe, sufuria, gurudumu la mkokoteni. Jibu halibadiliki. Mama wa kuhamahama anayejenga aqal, ile nyumba ya Wasomali ibebwayo juu ya ngamia, hupinda fito kuwa matao. Kama nyumba ina upana wa mita 3 na tao ni nusu duara, ufito utahitaji urefu wa mita 4.7. Yeye hulijua hilo kwa jicho na mazoea. Binti yake aliye shuleni angeweza kulijua kwa hesabu, na wawili hao wangekuwa na mengi ya kuzungumza.

Hata hivyo kamba ina mwisho wake. Hulegea, hunyumbuka, na jicho hukosea. Mzingo wa pipa letu ukisoma sentimita 178 utapata pai ya 3.123; ukisoma 180 utapata 3.158. Darasa la wanafunzi arobaini litaleta majibu arobaini, wala hakuna kamba itakayoamua nani ni mkweli. Wamisri wa kale, katika hati aliyoinakili mwandishi Ahmes yapata mwaka 1650 kabla ya Kristo, walikuwa na njia inayolingana na 3.16. Kwa kupima tu, ni vigumu kwenda mbele sana ya hapo.

Aliyeivuka hali hiyo ni Archimedes wa Syracuse, Mgiriki wa karne ya tatu kabla ya Kristo. Yeye aliacha kupima, akaizungushia pai nyua mbili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, kisha akawa anazisogeza zikaribiane, kama mchungaji anayembana ngamia mtoro baina ya miba na miba. Mwalimu anaweza kuifanya kazi hiyo kwenye mchanga wa uwanja. Chomeka kigingi, funga kamba, zunguka uchore duara. Kamba hiyo hiyo, ambayo ni nusu kipenyo, ipime juu ya duara kutoka nukta hadi nukta. Itaingia mara sita barabara na kurejea ilikoanzia. Unganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka, nawe una umbo la pande sita lililomo ndani ya duara, ambalo jumla ya pande zake ni vipenyo vitatu kamili. Lakini duara limebenuka nje ya kila upande. Basi pai imezidi 3. Sasa lizungushie duara mraba unaoligusa pande zote nne. Jumla ya pande za mraba ni vipenyo vinne. Basi pai haifiki 4. Tumekwisha kuifungia baina ya 3 na 4, na hatujagusa hata rula.

Kisha Archimedes akaligawa kila tao mara mbili. Pande sita zikawa 12, 12 zikawa 24, 24 zikawa 48, na 48 zikawa 96. Kanuni ya Pythagoras, ambayo ni mali ya kila mwanafunzi wa shule ya upili, yatosha kukupa urefu wa upande mpya kutokana na upande wa zamani. Nusu kipenyo kikiwa 1, fanya hivi: zidisha upande wa zamani kwa wenyewe, utoe katika 4, utafute kipeuo cha pili, hicho nacho kitoe katika 2, utafute tena kipeuo cha pili. Umbo la pande sita lina upande wa 1. Toa 1 katika 4, inabaki 3, ambayo kipeuo chake ni 1.73205. Toa hicho katika 2, inabaki 0.26795, ambayo kipeuo chake ni 0.51764. Huo ndio upande wa umbo la pande 12. Zidisha kwa 12, gawanya kwa kipenyo ambacho ni 2, nawe una 3.1058. Rudia kazi hiyo hiyo upate 3.1326 kwa pande 24, 3.1394 kwa pande 48, na 3.1410 kwa pande 96. Bandu bandu huisha gogo.

Archimedes hakuwa na sifuri wala desimali. Vipeuo vyote alivitafuta kwa sehemu, na mwishowe akatangaza kwamba pai imezidi 3 na 10/71, nayo haifiki 3 na 1/7. Msomaji naomba atue hapo. Tatu na sehemu moja ya saba ndiyo 22/7. Mwenyewe aliyeileta hakusema kwamba ndiyo pai. Alisema ndiyo ua wa nje, ambao pai haiufikii. Sisi tuliokuja nyuma tumeuchukua ua tukauita ngamia.

Kutoka hapo habari ya pai ni ndefu, nami nitaipita mbio isipokuwa mahali pawili. Huko China, katika karne ya tano, Zu Chongzhi alipata 355/113, sehemu iliyo sahihi hadi tarakimu ya sita baada ya nukta. Ni rahisi mno kuikumbuka, andika tu 113355 uikate katikati, na nashangaa haitumiki zaidi. Mahali pa kwanza pa kutulia ni Samarkand, mwaka 1424, ambako Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi alikamilisha risala yake juu ya mzingo, al-Risala al-Muhitiyya. Mswahili atalitambua neno muhiti, maana ndilo tunaloiitia bahari kuu iizungukayo nchi kavu. Al-Kashi alijiwekea sharti la ajabu: alitaka pai iliyo sahihi kiasi kwamba, hata duara likiwa na kipenyo mara 600,000 ya kile cha dunia, kosa katika mzingo wake lisifikie unene wa unywele wa farasi. Alitumia njia ile ile ya kuligawa tao mara mbili, bali hakuishia pande 96. Aliendelea hadi pande 805,306,368. Kwa mkono. Alipata mara mbili ya pai kuwa 6.2831853071795865, na kila tarakimu hapo ni sahihi. Hakuna Mzungu aliyempita hadi mwaka 1596, Ludolph van Ceulen wa Uholanzi alipofikisha tarakimu 20 baada ya nukta. Wanafunzi wengi wa Kaskazini Mashariki hujifunza herufi za Kiarabu chuoni kabla ya hizi za Kilatini; ni haki yao kuambiwa kwamba desimali za pai zilipata kuandikwa na mtu wa namna hiyo, na kwamba hakuzihifadhi kwa moyo. Alizikokotoa.

Mahali pa pili ni Uingereza, na mhusika ni mwalimu. William Shanks alikuwa na shule yake ya bweni katika mji mdogo wa Houghton-le-Spring, na wakati wake wa faragha aliutumia kuikokotoa pai. Mwaka 1873 alichapisha tarakimu 707. Dunia ikastaajabu, ikanukuu. Mwaka 1937 jumba la sayansi jijini Paris, Palais de la Découverte, liliziandika tarakimu zake kuzunguka ukuta wa chumba cha mviringo ili umma uzitazame. Miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1940, Mwingereza D. F. Ferguson aliirudia hesabu hiyo kwa njia nyingine, akagundua kwamba Shanks alikosea katika tarakimu ya 528, na yote yaliyofuata yalikuwa batili. Kwa muda wa miaka 70 na ushei watu walikuwa wakinakili kosa. Ukuta wa Paris ulisahihishwa mwaka 1949. Simcheki Shanks hata kidogo. Aliyefanya kazi ya miaka kwa kalamu na karatasi anastahili heshima kuliko waliomnukuu bila kujaribu.

Mwaka huo huo wa 1949 kompyuta ya ENIAC huko Marekani ilikokotoa tarakimu 2,037 kwa muda wa saa 70 hivi, na tangu hapo binadamu amekuwa msimamizi tu. Mwaka 2022 Emma Haruka Iwao, mhandisi kutoka Japani, alisimamia hesabu iliyofikisha tarakimu trilioni 100, na baadaye rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Za nini zote hizo? Hasa ni za kuzitia kompyuta majaribuni. Wataalamu wa maabara ya JPL ya Marekani, wanaoongoza vyombo vya anga za mbali, hutosheka na tarakimu 15 baada ya nukta. Wala hakuna atakayezimaliza: tangu mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kwamba pai haiwezi kuwa namba nzima juu ya namba nzima, iwe 22 juu ya 7 au nyingine yoyote, na kwa hiyo desimali zake hazikomi wala hazirudii mzunguko mmoja daima.

Mwalimu atasema: hayo ni ya kompyuta, mimi nina ubao na chaki. Vyema. Upo mfululizo alioujua Madhava wa Kerala, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika karne ya 14: chukua 1, toa theluthi, ongeza sehemu moja ya tano, toa sehemu moja ya saba, endelea hivyo hivyo, kisha zidisha jumla kwa 4. Ni mzuri kwa kuutazama, lakini ni haba na haba isiyojaza kibaba: baada ya kujumlisha mara 100 bado uko 3.1316. Afadhali njia ya Mwingereza John Machin ya mwaka 1706, ndio mwaka ambao William Jones alianza kuiandika pai kwa herufi π. Gawanya 1 kwa 5, upate 0.2. Gawanya hiyo kwa 25, upate 0.008, tena kwa 25, 0.00032, tena kwa 25, 0.0000128. Ya kwanza iache ilivyo, ya pili igawe kwa 3, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 7. Toa, ongeza, toa, kwa zamu; inabaki 0.1973955. Zidisha kwa 16, upate 3.158328. Sasa gawanya 4 kwa 239, upate 0.016736, uitoe katika ile ya kwanza. Matokeo ni 3.14159. Kipindi kimoja cha dakika arobaini kimetosha, na hakuna kikokotoo kilichobonyezwa. Kwa nini 5, na kwa nini 239? Mwanafunzi atakayeuliza hivyo ameshafika mbali, na atahitaji mtu wa kumjibu.

Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na abiria 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa, kilichojengwa palipokuwa chuo cha ualimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa katika Shule ya Msingi ya Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka kaunti hizo tatu. Sitamlaumu mwalimu aliyeondoka. Mwenye kumlaumu na aende akachukue nafasi yake. Lakini shule zilipungukiwa, na pengo la mwalimu wa Hisabati si jepesi kuzibwa.

Wako wanaosema pengo hilo litazibwa na tabuleti, zilizoanza kusambazwa katika shule za msingi mwaka 2016. Sikubaliani nao. Kifaa kitakuonyesha pai hadi tarakimu ya elfu, na kitakuonyesha kosa la Shanks kwa uso ule ule mkavu kama likiwa ndani yake. Mtoto aliyepata 3.158 kwa kamba yake anahitaji mtu wa kumwuliza, "Uliifunga kamba wapi, na ilikaza?" Wako pia wanaobishana juu ya kuwashushia wenyeji alama za kujiunga na vyuo vya ualimu. Mimi naona wachukuliwe, tena kwa wingi, wavulana na wasichana wa huko huko, wajuao Kisomali, Kiorma na Kiswahili. Bali wakishaingia chuoni wasishushiwe chochote. Mtu aliyeingia na alama ya chini akatoka akiweza kuzijenga nyua za Archimedes mchangani ni mwalimu bora kuliko aliyeingia na alama ya juu akatoka na 22/7 shingoni. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichofungua tena milango yake Januari 2016 na kupewa hati kamili mwaka 2017, ndiyo nyumba ya kufaa kazi hiyo, na wanafunzi wake wa ualimu wana shule jirani za kuanzia wiki ijayo.

Kama siku maalumu inatakiwa, zipo mbili. Mwaka 2019 UNESCO iliitangaza tarehe 14 Machi kuwa siku ya kimataifa ya Hisabati, kwa sababu Wamarekani huiandika 3/14. Nasi tunaotanguliza siku mbele ya mwezi tuna 22/7, tarehe 22 Julai. Ya kwanza huangukia muhula wa kwanza wa shule zetu, ya pili muhula wa pili. Machi, kila darasa litoke na pipa lake na kamba yake, majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yale ya aibu, kisha zijengwe nyua mchangani hadi pande 24. Julai, ambapo katika kaunti hizo ni kiangazi, watoto wapime tangi la shule kwa 22/7, kisha kwa 355/113, waandike tofauti kwa lita. Na lori la maji likifika siku hiyo, wamwombe dereva ruhusa wapande ngazi wakapime na lile.